Hilo Gari Lina Giaboksi Gani?

Mpunga ukishakauka na wanunuzi wa mchele wakishapita, huku kwetu Chekereni magari mapya huanza kuonekana nyuani kwa watu. Ni mapya kwetu sisi, maana Japani yalikwisha kutembea miaka kumi na zaidi. Mwaka juzi jirani yangu alirudi kutoka Moshi mjini na IST ya kijivu, tairi zinang'aa, watoto wanaikimbiza mpaka kwenye mfereji. Nikampa hongera, kisha nikamuuliza ina giaboksi gani. Akanishangaa. "Otomatiki, kaka. Si unaona haina klachi?"

Gari lile lilikuwa la CVT. Yeye hakujua, dalali hakumwambia, na fundi wa sevisi ya kwanza hakujisumbua kuangalia. Alimwaga oili iliyokuwemo, akajaza oili ya otomatiki ya kawaida, ile inayopatikana kila duka la spea. Huku bondeni gari likaendelea kutembea bila kulalamika, kwa sababu bonde letu ni tambarare na safari zake zilikuwa za kwenda sokoni na kurudi. Miezi mitatu baadaye akapandisha familia Kibosho kwenye msiba. Katikati ya mlima injini ikawa inanguruma na gari haliendi. Lilishushwa kwa kuvutwa. Pesa ya msimu mzima wa mpunga ikaishia kununua giaboksi nyingine iliyotumika, na hiyo nayo hakuna aliyejua ilikotoka.

Nimeona kisa cha aina hiyo mara nyingi mno, na kila mara kinaumiza, kwa sababu hasara ile huzuilika kwa dakika tano za kusoma kibati kilichomo ndani ya gari lenyewe. Ndiyo sababu naandika. Ukienda kununua gari lililotumika, swali la "ni otomatiki au manuali?" halitoshi. Neno otomatiki limebeba mashine kadhaa zilizo mbalimbali kabisa, kila moja na oili yake, tabia yake mlimani na gharama yake inapoharibika.

Manuali haitatuchelewesha. Ina pedali tatu, ina mkono wa gia wenye namba, na ukiikuta utaijua. Otomatiki ya kawaida, ile ya zamani, ndani yake ina gia za kweli, nne kwa magari mengi tuliyonayo, tano au sita kwa makubwa kama Mark X. Klachi ndogondogo zilizomo ndani hufungwa na kufunguliwa kwa msukumo wa oili, na gari hubadilisha gia lenyewe hatua kwa hatua. Teknolojia hii ni ya siku nyingi: kampuni ya General Motors ya Marekani iliitoa kwa wanunuzi wa Oldsmobile mwaka 1939. CVT ni kitu kingine. Ndani yake hakuna gia ya kwanza wala ya pili. Kuna puli mbili zenye umbo la koni na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake. Puli moja inapobana nyingine hutanuka, mkanda hupanda na kushuka, na mwendo hubadilika bila hatua, kama maji yanavyopanda kwenye mfereji lango likifunguliwa taratibu. DAF wa Uholanzi walizindua gari la namna hiyo, la mkanda wa mpira, mwaka 1958. Toyota waliingia mwaka 2000 na gari la Opa la lita mbili, na baada ya hapo CVT ikasambaa kwenye magari yao madogo moja baada ya jingine.

Hebu tafakari mkanda ule. Ni chuma juu ya chuma, na kinachouzuia usiteleze ni mbano wa puli pamoja na oili iliyotengenezwa makusudi ili chuma kishike chuma. Kwenye otomatiki ya kawaida oili husukuma klachi, hupoza na kulainisha. Kwenye CVT oili ni sehemu ya mshiko wenyewe. Ukitia isiyo yake, mkanda huanza kuteleza kidogo kidogo, hukwaruza puli, chembe za chuma huingia kwenye oili na kuzunguka mwili mzima wa giaboksi. Siku gari linapogoma, uharibifu huwa umekwisha kufanyika wiki nyingi nyuma.

Kwa nini basi muuzaji akwambie tu otomatiki? Mara nyingi hakudanganyi. Japani, tangu Novemba 1991, kuna leseni inayomruhusu mtu kuendesha magari yasiyo na klachi pekee, na kwa leseni hiyo CVT na otomatiki ya kawaida ni kundi moja. Karatasi ya mnada wa magari huko huandika FAT, maana yake mkono wa gia uko sakafuni na gari halina klachi, basi. Matangazo ya wauzaji huandika AT. Herufi hizo mbili husafiri na gari mpaka bandari ya Dar es Salaam, huja nalo Moshi, na dalali huzirudia kama alivyozikuta. Hakuna aliyeongopa njiani, lakini wewe ndiye unayebaki na mzigo.

Sasa tuje kwenye kibati. Sisi wa bonde hili la Lower Moshi tumeishi na mashine za Kijapani tangu mradi wa umwagiliaji ulipokamilika mwaka 1987, na mkulima wa hapa akitaka spea ya pawatila yake huanza kwa kusoma namba iliyoko kwenye mashine. Gari linastahili heshima hiyohiyo. Fungua boneti uangalie ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Kama hakipo, fungua mlango wa mbele utazame nguzo ambako mkanda wa usalama umefungwa. Utaona kibati kidogo cha chuma chenye mistari kadhaa: modeli, injini, namba ya chasisi, rangi, na chini kabisa mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Mstari huo ndio uliokuleta.

Kwa Toyota, ukiona hapo herufi K ikifuatwa na tarakimu tatu, kama K110, K210, K310 au K410, hiyo ni CVT. Ukiona U au A mwanzoni, kama U340E, U441E au A245E, hiyo ni otomatiki ya gia za kawaida. Manuali za magari madogo nyingi huanza na C, kama C50, na Land Cruiser ya kazi ina H151F. Kwa Nissan njia ni rahisi zaidi, kwa sababu tarakimu inakupa hesabu ya gia. RE4 maana yake otomatiki ya gia nne. RS5 ni manuali ya gia tano. RE0, kwa mfano RE0F10A iliyomo kwenye X-Trail na Dualis nyingi, ni CVT. Sifuri ile ina maana kamili: gia za kuhesabu hazimo.

Kibati hichohicho kina ushahidi wa pili, na huu mafundi wengi hawaujui. Tazama mstari wa modeli kwenye Toyota. IST ya kizazi cha kwanza itaandikwa mfano wa NCP61-AHPNK. IST ya kizazi cha pili itasomeka NCP110-AHXNK. Hesabu herufi baada ya kistari: ya tatu ndiyo inayotaja giaboksi. P ni otomatiki ya gia nne, X ni CVT, M ni manuali ya gia tano. Premio ya zamani yenye injini ya 1.5 ni NZT240-AEPEK, iliyoifuata ni NZT260-AEXEK, na herufi moja tu imekueleza tofauti yake yote. Mama anayeuza chakula stendi anaweza kuisoma herufi hiyo bila kushika spana.

Huenda gari liko mbali na wewe uko Chekereni. Mwombe muuzaji picha ya kadi ya gari. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba ya chasisi inayoanza na jina la modeli, na jina hilo pekee mara nyingi hutosha. IST ya kwanza, yaani NCP60, NCP61 na NCP65, ni gia nne. NCP110 na ile ya lita 1.8, ZSP110, ni CVT. Vitz ya SCP10 isiyo na klachi ni gia nne, SCP90 ni CVT. Fielder ya NZE121 ni gia nne, NZE141 ni CVT kama si manuali. RAV4 ya ACA21 ni gia nne, ACA31 ni CVT. Harrier ya ACU30 ni gia nne, lakini iliyotoka mwishoni mwa 2013, ZSU60, ni CVT. Probox zilikuwa na gia nne mpaka zilipofanyiwa maboresho mwaka 2014, ndipo CVT ikaingia. X-Trail ya petroli yenye umbo la kwanza, T30, ni gia nne, na T31 ya lita mbili ni CVT. Subaru Forester za SG na SH nyingi ni gia nne, SJ ni CVT. Honda Fit ni tofauti na wenzake, kwa kuwa hata zile za kwanza kabisa za mwaka 2001, zenye chasisi ya GD1, zilikuja na CVT. Watu wengi huidhani Fit ya zamani kuwa salama kwa kuwa ni ya zamani.

Tahadhari mbili hapa. Ya kwanza ni magari yanayovuta kwa matairi yote manne. Kwenye Vitz, IST na Fielder za kizazi kilicholeta CVT, zile za kuvuta manne zilibaki na gia nne. IST ya NCP115 ni ndugu wa NCP110, umbo lilelile, taa zilezile, lakini tumbo tofauti. Ya pili ni modeli ambazo umbo au jina la chasisi halikubadilika ilhali giaboksi ilibadilika. Premio na Allion za mwanzo zilikuwa na gia nne kwa injini za 1.5 na 1.8, lakini ya lita mbili, AZT240, ilikuwa CVT. Noah ya AZR60 ilianza mwaka 2001 na gia nne, kisha mwaka 2004 ikaboreshwa na kupewa CVT, na bado ikaitwa AZR60. Kwa Noah, na huku Kilimanjaro Noah ndiyo inayobeba abiria wa Marangu na Rombo, usikubali jina la chasisi peke yake. Soma mstari wa TRANS/AXLE.

Wala usiamini namba ya usajili. Watu husema "hii ni namba E" wakiwa na maana kwamba gari ni jipya. Namba ya T hueleza lini gari liliandikishwa Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini, na kuhusu giaboksi haisemi lolote.

Ukiingia ndani ya gari, mkono wa gia utakupa dalili. Nasema dalili, kwa sababu huu si ushahidi wa mwisho. Otomatiki nyingi za gia nne zina D, 2 na L, na kitufe pembeni kinachowasha maandishi ya O/D OFF kwenye dashibodi. CVT nyingi za Toyota zina D, S na B. Honda huweka S na L. Nissan nyingi zina D na L tu, na nyingine za CVT zina kitufe cha O/D vilevile, ndiyo maana nasema usiishie hapo. Kuna pia CVT zenye alama ya M, ambazo ukisogeza mkono zinaigiza gia sita au saba. Mtu akikwambia "hii ina gia saba" kwenye gari dogo la Toyota au Subaru, uwezekano mkubwa ni CVT inayoigiza.

Dipstiki ya giaboksi, kama ipo, ni shahidi mzuri. Ichomoe, ifute, usome maandishi yaliyochongwa juu yake. ATF T-IV au WS ni otomatiki ya kawaida. CVT Fluid TC au FE ni CVT ya Toyota. NS-2 na NS-3 ni CVT za Nissan. Honda za zamani huandika HMMF. Magari mengi ya karibuni hayana dipstiki ya giaboksi kabisa, na kukosekana kwake hakuthibitishi lolote. Rangi ya oili nayo usiitegemee. Zipo oili za CVT zenye wekundu na zipo za otomatiki zenye rangi nyingine. Anayekwambia "ni nyekundu kwa hiyo ni ileile" ndiye aliyemharibia jirani yangu gari.

Baada ya kusoma, endesha. Hapa ndipo sisi wa Kilimanjaro tuna bahati kuliko mtu wa Dar es Salaam. Chekereni iko mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari, na lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Una mtihani wa zaidi ya mita elfu moja za kupanda mlangoni kwako, hakuna gereji yenye kipimo kama hicho. Usikubali kujaribu gari kwa kuzunguka mzunguko wa Mnara wa Saa mjini, wala kwenye barabara ya TPC iliyonyooka. Mwambie muuzaji mpande Kibosho au Old Moshi, mkiwa watu wanne ndani ya gari. Akikataa mlima, umepata jibu.

Tazama mshale wa mizunguko ya injini wakati wa kuondoka. Kwenye otomatiki ya kawaida mshale hupanda, hushuka ghafla gia inapobadilika, hupanda tena, na mwili wako unahisi kila hatua. Kwenye CVT mshale hupanda mahali fulani ukatulia hapo, huku mwendo wa gari ukiendelea kuongezeka chini yake. Injini inatoa sauti moja ndefu. Mara ya kwanza mtu hudhani klachi inateleza, kumbe ndivyo ilivyoumbwa. Kama gari halina mshale huo, sikiliza kwa sikio tu, utaitambua sauti hiyo moja isiyokatika.

Kisha utafute ugonjwa. Fika asubuhi na mapema, kabla muuzaji hajapasha gari moto, maana giaboksi iliyochoka hujificha gari likiwa na moto au likiwa baridi, kutegemea ugonjwa wake. Kanyaga breki, toa N weka D, kisha R. Gari linatakiwa kushika ndani ya sekunde moja hivi. Likichelewa, au likishika kwa kishindo, acha. Kwa CVT, endesha polepole kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa na uhisi kama kuna mtikisiko, kama gari linalopita kwenye matuta madogo yasiyoonekana. Sikiliza mlio mwembamba unaoongezeka na mwendo. Mlimani, simama katikati ya mteremko kisha uondoke tena. Rudisha nyuma ukipanda. Vitu hivyo viwili huitesa giaboksi yoyote mbovu kuliko kilomita hamsini za lami tambarare.

Kuna jambo ambalo kibati hakiwezi kukueleza. Kibati kinasema gari lilitoka kiwandani na nini. Hakisemi limebadilishwa nini hapa. Giaboksi hununuliwa Gerezani au Ilala jijini Dar es Salaam, hupakiwa kwenye basi usiku, na kesho yake hufungwa Moshi. Mara nyingi hufungwa ya aina ileile, lakini nimeona gari lililokuwa CVT likafungiwa ya gia nne kwa sababu mwenyewe alichoka, na gari likabaki na taa za hitilafu zinazowaka daima. Kwa hiyo kibati na uendeshaji lazima viseme jambo moja. Kibati kikisema K210 na mwili wako ukahisi hatua nne za gia, simamisha mazungumzo na mwite fundi achungulie chini ya gari.

Nitaje kwa ufupi jamii nyingine tatu, kwa sababu zinaongezeka barabarani. Hybridi za Toyota kama Prius na Aqua huitwa CVT kwenye matangazo, lakini hazina mkanda wala puli. Zina seti ya gia za kuzungukana na mota mbili za umeme, na oili yake ni WS. Usizitie kwenye hukumu ya CVT za mkanda. Honda Fit hybridi ya GP5, iliyotoka mwaka 2013, ina gia saba na klachi mbili zinazojiendesha zenyewe, na Honda walilazimika kuyaita magari hayo kwa marekebisho mara kadhaa tangu miezi ya mwanzo. Ukilipenda, mtafute kwanza fundi anayeifahamu. Ya tatu ni kwa wanaotafuta kirikuu cha kubebea mizigo. Suzuki Carry nyingi ni manuali, lakini kuanzia 2014 zipo zenye manuali inayobadilishwa na kompyuta. Utaijua kwa mkono wa gia usio na P. Haina pedali ya klachi, ila klachi yenyewe imo ndani na inaisha kama ya manuali yoyote.

Sasa, je, ukimbie CVT? Mimi sisemi hivyo. CVT yenye oili yake, inayobadilishwa kwa wakati, hutembea miaka mingi na hula mafuta kidogo. Lakini sitamshauri mtu anayeishi Uru juu au Machame, anayepanda kila siku na ndizi nyuma na abiria watano, achague CVT ndogo iliyotumika ambayo hajui historia yake. Mzigo, mlima na joto ndio adui zake. Kwa mtu huyo IST ya NCP61 au Probox ya zamani ni chaguo langu, na kama anajua klachi, manuali. Kwa anayeishi huku bondeni na kwenda mjini, NCP110 iliyotunzwa ni gari zuri sana.

Aina ya giaboksi inaamua pia jinsi utakavyoshuka. Kutoka Marangu kuja Himo, au Kibosho kuja mjini, usishuke umekanyaga breki mwanzo hadi mwisho mpaka zinuke. Kwenye gia nne weka 2, na pakali sana weka L. Kwenye CVT ya Toyota weka S au B, kwenye Nissan weka L. Injini itashika gari na breki zitapumzika. Usiweke N kwa kudhani unaokoa mafuta. Na wakati wa masika, gari likizama kwenye tope la huku kwetu, usizungushe matairi kwa dakika nzima ukitarajia litatoka. Giaboksi ya CVT na ya otomatiki huchemka haraka kuliko unavyodhani. Litolewe kwa trekta, N ikiwa imewekwa, mwendo wa mtu anayetembea, kwa umbali mfupi tu. Zaidi ya hapo, hasa kwa gari linalovuta kwa matairi manne, libebwe.

Ukishanunua, kabla ya sevisi ya kwanza, nunua oili mwenyewe kulingana na kilichoandikwa kwenye dipstiki au kwenye kitabu cha gari, uibebe mkononi mpaka gereji, na usimame hapo inapotiwa. Fundi mzuri hataona vibaya. Oili ya CVT ni ghali kuliko ya otomatiki, na bei hiyo ndiyo inayomshawishi mtu atie nyingine. Kataa, hata kama ni ndugu.

Jirani yangu sasa amebandika karatasi ndani ya boneti, ameifunika kwa nailoni isilowe: namba ya chasisi, K210, na jina la oili, kwa herufi kubwa. Kama tayari una gari uani, chukua simu sasa hivi, fungua boneti au mlango wa mbele, kipige picha kibati chako, kisha uandike karatasi kama hiyo kabla gari halijaingia gereji tena.